Kupima mdundo wa ubongo macho yakiwa yamefumbwa na yakiwa wazi: uzi wa wanaopima na wanaopimwa

Fundi wa Tudor (mwanzilishi wa uzi)

Assalamu aleikum, na heri kwenu nyote. Nimeufungua uzi huu kwa sababu maswali kuhusu EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo kinachofanywa kwa elektrodi, vipande vidogo vya chuma vinavyobandikwa kichwani, yamekuwa yakinijia moja moja, mengine kutoka kwa wanafunzi wanaojiundia vifaa vyao, mengine kutoka kwa wazazi walioagizwa na daktari wawapeleke watoto wakapimwe, na mengi kati yake yana jibu ambalo ni afadhali lisomwe na wote mahali pamoja. Kazi yangu ni kutunza mitambo ya hospitali hapa Mombasa. Kufasiri majibu ya mgonjwa si kazi yangu, hiyo ni ya daktari wa mishipa ya fahamu. Ninachokijua ni mtambo wenyewe, nyaya zake, na namna ya kutambua kama kinachoonekana kwenye kioo kimetoka ubongoni au kimetoka kwingine.

Ninalotaka kulisema ni moja. Kabla hujaamini mstari wowote unaochorwa na mtambo huo, mwambie anayepimwa afumbe macho, kisha ayafumbue, kisha ayafumbe tena. Mdundo ukijitokeza kisogoni anapofumba na ukafifia anapofumbua, una ushahidi kwamba unaupima ubongo. Ukibaki vile vile, usiandike lolote mpaka uijue sababu.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1875 Richard Caton wa Liverpool alionyesha kwamba ubongo wa sungura na wa nyani hutoa mkondo wa umeme, na mwaka 1890 Mpolandi Adolf Beck aliona kwamba mtikisiko huo hukoma mnyama anapomulikwa taa. Kwa mwanadamu, aliyeanza ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili huko Jena, Ujerumani, aliyerekodi mwaka 1924 na kukaa na matokeo yake hadi mwaka 1929 ndipo akayachapisha. Yeye ndiye aliyeupa mdundo mkubwa wa polepole jina la alfa na ule mdogo wa haraka jina la beta, na ndiye aliyeeleza kwamba alfa hufifia macho yanapofumbuliwa. Wataalamu wengi walimtilia shaka mpaka mwaka 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews walipoirudia kazi hiyo Cambridge na kuithibitisha. Adrian alikuwa tayari ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1932, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Linalonivutia zaidi katika kazi yao ni kwamba walijipima wao wenyewe: alfa ya Adrian ilitokea mara tu alipofumba macho, ilhali ya Matthews ilionekana kwa nadra sana. Wote wawili walikuwa wazima. Yeyote atakayepimwa na kuambiwa kwamba alfa yake ni ndogo na alikumbuke hilo kabla hajaingiwa na hofu.

Alfa ya mtu mzima ina masafa ya kati ya Hz 8 na 13, na kwa wengi huwa karibu na 10, yaani mawimbi kumi kwa kila sekunde. Kimo chake aghalabu ni mikrovolti 20 hadi 50, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Umeme wa moyo unaopimwa kifuani hufika karibu mikrovolti 1000, kwa hiyo tunachokitafuta kichwani ni kidogo sana, na kila kitu chumbani humo kinaweza kukifunika.

Kwa nini kufumba macho kuuongeze mdundo badala ya kuupunguza? Elektrodi moja haiwezi kuisikia seli moja ya ubongo. Inachopokea ni jumla ya maelfu kwa maelfu ya seli za gamba la ubongo zilizosimama sambamba. Fikirini watu wa maulidi wanaposoma kwa pamoja: aliye barabarani husikia sauti moja yenye mapigo, lakini wakimaliza na kila mmoja akaanza kuzungumza na jirani yake, nje husikika mvumo tu, ingawa maneno yanayosemwa ndani sasa ni mengi zaidi. Macho yakiwa yamefumbwa, seli za sehemu ya kuona iliyoko kisogoni, zikishirikiana na thalamasi iliyo katikati ya ubongo, hupiga kwa pamoja. Macho yakifumbuliwa, kila kundi la seli hushughulika na sehemu yake ya picha, umoja ule unavunjika, na mstari kwenye kioo hulala. Mstari uliolala ni wa ubongo ulio kazini.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mpangilio wa elektrodi unaotumika duniani kote ulichapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958. Msingi wake ni asilimia za kichwa cha mtu husika, si sentimita za kudumu, ili kichwa cha mtoto na cha mtu mzima vipimwe kwa kanuni moja. Unaweka futi ya fundi cherehani kwenye kishimo kilicho baina ya macho, juu ya pua, unaipitisha utosini hadi kwenye kinundu cha kisogo. Ukipata sentimita 36, unapanda asilimia 10 kutoka kwenye kinundu, yaani sentimita 3.6, na hapo unatia alama. Kisha unapima mzingo wa kichwa; ukiwa sentimita 56, unakwenda asilimia 5 kila upande wa alama ile, yaani sentimita 2.8. Upande wa kushoto ni O1, wa kulia ni O2. Elektrodi za kulinganishia hukaa kwenye ndewe za masikio. Ngozi husuguliwa taratibu kwa pesti maalumu, na ukinzani wa kila elektrodi usizidi kiloomu 5.

Hapa kwetu joto ni adui wa kipekee. Wakati wa kaskazi, mgonjwa aliyetembea kutoka kituo cha matatu huingia chumbani akitiririka jasho, na jasho lina chumvi: huunganisha elektrodi zilizo jirani, nayo matezi ya jasho hutoa umeme wake mwenyewe, ndipo mistari yote inaanza kupanda na kushuka polepole, chini ya wimbi moja kwa sekunde. Mwacheni apoe kwanza. Kiyoyozi kisimpulizie usoni, na nyaya zisining'inie mahali zinapotikiswa na feni.

Mwanafunzi wa elektroniki

Shikamoo, Mwalimu. Nashukuru kwa maelezo haya, kwa sababu yamenikuta katikati ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Nimeunda amplifaya yenye chaneli mbili, O1 na O2, na kifaa kidogo kinachobadilisha mawimbi kuwa namba na kuyatuma kwenye kompyuta. Ninapomrekodi mwenzangu akiwa amefumba macho, ninapata mdundo safi kabisa wa Hz 10. Tatizo ni kwamba akifumbua macho mdundo huo haupungui hata kidogo, na akisimama akatembea bado upo. Nimesoma kwamba wapo watu ambao alfa yao haizuiliki kirahisi. Je, mwenzangu ni mmoja wao?

Fundi wa Tudor

Marahaba, kijana wangu. Kabla ya kumhukumu mwenzako, niambie kifaa chako huchukua sampuli ngapi kwa sekunde, yaani hulisoma wimbi mara ngapi, na kama kabla ya kubadilisha mawimbi kuwa namba umeweka kichujio chochote.

Mwanafunzi wa elektroniki

Sampuli 60 kwa sekunde. Nilichagua hivyo kwa kuwa alfa haizidi Hz 13 na nilitaka faili ziwe ndogo. Kichujio kimo ndani ya programu, baada ya namba kufika kwenye kompyuta.

Fundi wa Tudor

Basi kilichokuwa kikikuhangaisha ni stima ya ukutani. Umeme wetu Kenya una masafa ya Hz 50. Kifaa kinachochukua sampuli 60 kwa sekunde hakiwezi kulionyesha wimbi la Hz 50 kama lilivyo, kwa sababu wimbi lolote linalozidi nusu ya idadi ya sampuli, yaani 30 kwa kifaa chako, hujikunja na kujitokeza mahali pengine. Toa 50 kutoka 60, utabaki na 10. Stima imevaa nguo za alfa, tena imekaa katikati kabisa ya masafa ya alfa, na kichujio cha ndani ya programu hakiwezi kukusaidia, kwa kuwa baada ya kuwa namba, mawimbi hayo mawili hayatofautiki.

Namna ya kulithibitisha hili ni rahisi. Badilisha idadi ya sampuli iwe 70. Ikiwa ni stima, mdundo utahamia Hz 20, kwa sababu 70 ukitoa 50 ni 20. Mdundo wa ubongo hauhami kwa kubadilishiwa mashine. Ukishaona hivyo, panda hadi sampuli 250, weka kichujio cha vipande vya kielektroniki kabla ya kibadilishi, na ndipo utumie kichujio cha Hz 50 katika programu.

Tazama pia kilichokuokoa: ungeishia kwenye kufumba macho peke yake, ungekuwa na picha nzuri sana ya mdundo wa Hz 10 na ungeiwasilisha kwa wakaguzi kama alfa.

La usalama nalihimiza kwa nguvu zote. Kifaa kinachogusa kichwa cha mtu kiendeshwe kwa betri, na kompyuta iliyounganishwa nacho ichomolewe chaja wakati wote wa kupima. Volti 240 ziko upande wa pili wa chaja hiyo, na tumemsugua mtu ngozi makusudi ili umeme upite kwa urahisi.

Mama wa Likoni

Naomba na mimi kuuliza, japo si mtaalamu. Mwanangu ana miaka mitano, amekuwa akianguka na kutikisika, na baada ya kumpeleka kwa waganga wawili jamaa walikubali tumpeleke hospitali. Amepimwa. Karatasi inasema mdundo wa kisogoni ni Hz 8 na unaitikia kufumbua macho, na mwisho wameandika kwamba kipimo ni cha kawaida. Shemeji yangu amesoma mtandaoni kwamba kawaida ni Hz 10, kwa hiyo ubongo wa mtoto uko chini. Wengine wanasema ikiwa kipimo ni cha kawaida, basi si kifafa, na dawa ziachwe. Nimechanganyikiwa.

Fundi wa Tudor

Pole sana mama, na Mungu amjalie mtoto afya. Nitajibu upande wa kipimo, kisha naomba wenzetu wa tiba wasaidie.

Hz 10 ni ya mtu mzima. Mtoto wa miezi mitatu au minne huwa na mdundo wa kisogoni wa Hz 3 au 4 tu, akifika mwaka mmoja huwa karibu na 6, na akiwa na miaka mitatu hivi hufika 8, kisha hupanda taratibu hadi kwenye 9 na 10 anapokaribia miaka kumi. Hz 8 kwa mtoto wa miaka mitano si jambo la kumtisha mtu. Na yale maneno "unaitikia kufumbua macho" ni habari njema, kwa sababu yanaonyesha kwamba mdundo ule ni wa kweli na unafanya unavyotakiwa.

Muuguzi wa Changamwe

Dada, nami nakupa pole. Tafadhali usimwachishe mtoto dawa kwa sababu ya karatasi hiyo. Kipimo cha namna hii huchukua kama dakika ishirini au zaidi kidogo, na kifafa si lazima kijionyeshe katika dakika hizo. Wapo wagonjwa wengi wa kifafa ambao kipimo chao cha kwanza hutoka bila kasoro. Daktari huamua kwa kusikiliza jinsi mtoto anavyoanguka: macho yalielekea wapi, mkono upi ulianza kutikisika, alikaa muda gani, alijikojolea au la, alilala baada ya hapo au alizinduka mara moja. Ukiweza, mrekodi kwa simu siku atakapopatwa, baada ya kumlaza ubavu na kuondoa vitu vigumu karibu naye. Picha hiyo itamsaidia daktari sana. Usimtie kitu mdomoni. Na ukiambiwa arudie kipimo akiwa hajalala vya kutosha usiku uliotangulia, elewa kwamba usingizi huweza kufichua kinachojificha mtoto akiwa macho.

Ombi moja kwa wazazi wote: mleteni mtoto akiwa ameoshwa nywele kwa sabuni, bila mafuta ya nazi wala ya aina nyingine, na misuko ifumuliwe. Mafuta yakijaa, elektrodi haishiki. Na kwa kina mama na wasichana wanaositiri nywele zao, ni haki yenu kuomba mapema mpimaji mwanamke na chumba chenye faragha. Ombeni siku mnapoandikisha miadi, maana siku yenyewe ikifika huenda mpimaji huyo hayuko zamu.

Ustadhi wa Kibokoni

Assalamu aleikum. Nimefuatilia kwa makini. Nina vijana madrasani wanaoniambia kwamba alfa ni mawimbi ya utulivu, na kwamba mtu akifumba macho katika dhikri anayaona mawimbi hayo yakiongezeka, kwa hiyo imethibitika kisayansi kwamba moyo umetulia. Wapo hata wanaouza mikanda ya kichwani kwa maneno hayo. Je, ni sawa kulisema jambo hili mbele ya watu?

Fundi wa Tudor

Waaleikum salaam, ustadhi. Ningewashauri wasiliseme hivyo. Mtu yeyote akifumba macho, mwenye wasiwasi na asiye na wasiwasi, aghalabu alfa yake ya kisogoni huongezeka, kwa sababu iliyobadilika kwanza ni kazi ya kuona. Anayetaka kupima athari ya dhikri itabidi amlinganishe mtu huyo huyo akiwa amefumba macho bila dhikri na akiwa amefumba macho kwa dhikri. Akilinganisha dhikri ya macho yaliyofumbwa na maongezi ya macho yaliyo wazi, amepima kope.

Zaidi ya hapo, alfa haifuati utulivu moja kwa moja. Adrian na Matthews waliona kwamba mtu aliyefumba macho akipewa hesabu ya kichwani iliyo ngumu, mdundo unaweza kukatika, na vilevile katika chumba chenye giza totoro, aliyefumbua macho na kujitahidi kuona huupoteza ijapokuwa hakuna anachokiona. Kwa hiyo juhudi ya kutazama ina nguvu kama nuru. Halafu kuna usingizi: anayesinzia, ambaye ametulia kuliko sisi sote, alfa yake hupungua na mwisho huondoka, na ukimgutusha akafumbua macho, kwa sekunde kadhaa alfa inaweza kurudi badala ya kukatika. Mpimaji asiyejua kwamba mtu wake amesinzia ataandika matokeo ya kinyume. Ndiyo maana chumbani tunazungumza na anayepimwa na kumwandikia kila amri tuliyompa pamoja na sekunde yake.

Muuguzi wa Changamwe

Niongeze kwa upande wa wodi. Mgonjwa aliye katika koma baada ya moyo kusimama anaweza kuwa na mawimbi yenye masafa ya alfa, yaliyotanda kichwa kizima na yasiyoitikia kufumbuliwa macho, sauti wala kufinywa. Jamaa akiona "alfa" kwenye karatasi anaweza kufurahi, ilhali mawimbi hayo si yale ya mtu aliye macho. Vilevile alfa ikizuilika upande mmoja tu wa kisogo anapofumbua macho, daktari huutazama kwa makini upande ule ulioshindwa kuitikia.

Mwanafunzi wa elektroniki

Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Kwa sampuli 70 mdundo ulihamia Hz 20 papo hapo. Sasa niko kwenye sampuli 250, kwa betri, na kichujio kimewekwa kabla ya kibadilishi. Mwenzangu akifumba macho naona kilele karibu na Hz 10, akifumbua kinashuka waziwazi. Nimefurahi mno. Ninaomba mwongozo wa kuandika matokeo: nikate vipande vya urefu gani, na nifanye nini na miruko mikubwa inayotokea anapopepesa?

Fundi wa Tudor

Hongera, kijana wangu, na ile rekodi ya Hz 20 usiifute. Iweke katika ripoti, ni sehemu bora ya kazi yako.

Mpe dakika moja ya kufumba na dakika moja ya kufumbua akitazama alama moja ukutani, urudie zamu hizo mara kadhaa. Vipande vya sekunde 4 vitakupa utenganisho wa Hz 0.25, na hiyo inatosha. Piga wastani wa nguvu kati ya Hz 8 na 13 kwa kila hali, kisha ugawe ya kufumba kwa ya kufumbua. Kumbuka kwamba nguvu ni mraba wa kimo: wimbi likiongezeka maradufu kwa kimo, nguvu huongezeka mara nne, kwa hiyo eleza wazi ni kipi ulichogawa.

Ile miruko inatokana na jicho. Mbele ya jicho kuna chaji chanya kuliko nyuma, na kope zinapofumba jicho huviringika kwenda juu, kwa hiyo paji la uso hupata mruko unaoweza kupita mikrovolti 100. Kisogoni hufika kidogo tu, lakini kata kila kipande chenye kupepesa. Itupe pia sekunde ya kwanza baada ya kila kufumba, kwa kuwa wakati huo alfa ya baadhi ya watu huwa na kasi kidogo kuliko ilivyo kawaida yao, na itakupotosha kuhusu kilele.

Ukiona mdundo wa masafa hayo hayo utosini na kando zake, usioguswa na macho bali unaokatika anapokunja ngumi, huo si alfa. Huo huitwa mu, ni wa sehemu ya ubongo inayoongoza mikono na miguu. Kwa chaneli zako mbili huenda usiuone.

Mwanafunzi wa elektroniki

Swali la mwisho, Mwalimu. Upande wa kulia una kimo kikubwa kidogo kuliko wa kushoto. Niandike kwamba ubongo wake una hitilafu?

Fundi wa Tudor

La, hasha. Kwa watu wengi alfa ya kulia huzidi kidogo ya kushoto. Ikiwa kimo cha upande mmoja kinakaribia kuwa nusu tu ya kile cha upande wa pili, kabla ya kuitafuta kichwani mwa mwenzako chukua futi yako upime upya umbali wa O1 na O2 kutoka kwenye alama ya katikati, uangalie ukinzani wa kila elektrodi, kisha ubadilishane kichwani nyaya za chaneli mbili na urekodi tena. Kimo kikubwa kikihamia kushoto pamoja na waya, tatizo liko kwenye amplifaya au waya wenyewe. Kikibaki kulia, tuma hapa sekunde kumi za mawimbi ghafi za kila hali, pamoja na idadi ya sampuli na vichujio ulivyotumia, tuzitazame pamoja.